Uchambuzi wa kisa: fundi cherehani wa Mbeya, nyimbo nne na neno "tutaangaliana"

Kwanza tuelewane

Nimeombwa mara nyingi niandike hiki kisa nikawa nakwepa, maana wahusika wote wako hai na Mbeya ni ndogo kuliko watu wanavyodhani, ukitaja kichochoro tu mtu anajua nyumba. Mtunzi mwenyewe ndiye kasema andika, ila toa majina. Kwa hiyo humu kuna Fundi (ndiye mtunzi), Dogo (mwimbaji) na Prodyuza, basi. Majina ya nyimbo nimeondoa, vijiji nimehamisha, hela nimezisogeza kidogo juu au chini lakini uwiano ni uleule. Kazi yake ya mchana nimeiacha kama ilivyo kwa sababu bila cherehani kisa chenyewe hakieleweki, na mafundi cherehani hapa mjini hawahesabiki.

Mimi nilitangaza redio hapa kwa miaka kadhaa, siku hizi wasanii wananiletea mikataba niwasomee. Siyo wakili. Nalisema hili mapema maana kuna mahali huko mbele nilimshauri vibaya na sitaki mtu aje kushangaa.

Fundi na daftari lake

Kazaliwa milimani upande wa Rungwe, kule ambako ukianika suruali Jumatatu Alhamisi unaivaa bado mbichi. Baba yake alikuwa mwalimu wa kwaya, zile kwaya za do-re-mi ubaoni, na Fundi alianza kutunga maneno ya kwaya kabla hata hajamaliza shule. Alikuja Mbeya mjini kujifunza kushona, akabaki. Ana fremu ndogo maeneo ya Mwanjelwa, vyerehani vitatu, vijana wawili na redio ambayo haizimwi.

Kwaya hazikumlipa. Mara soda, mara kilo mbili za sukari, kuna mwaka wanakwaya walienda kumlimia mama yake shamba la viazi siku nzima. Kwenye jalada la kanda wakaandika "mtunzi: kwaya" na hakuona shida, mimi pia sioni, kwaya ni ya wote. Ila nadhani hapo ndipo alipozoea kwamba maneno ni kitu cha kutoa tu, kama mtu akikuomba maji ya kunywa.

Sasa namna anavyoandika. Anaandika kwenye daftari la vipimo, lilelile la wateja. Ukurasa unaanza kiuno 34, hipsi 40, urefu 41, kitambaa cha kijivu, achukue Ijumaa ya tarehe fulani, katanguliza elfu 10, na chini yake ubeti mzima. Anasema maneno humjia akiwa anakanyaga pedeli kwa sababu mguu tayari una mapigo, akinyanyuka kutafuta daftari jingine yanakuwa yameshaondoka. Kumbukeni hili daftari.

Siku moja nilimuuliza kwanini nyimbo zake zinaimbika hata na mlevi saa saba usiku. Nikapigwa somo la nusu saa huku kashika mkasi. Anasema vina kwa Kiswahili ni rahisi mno, karibu kila neno linaishia na irabu, penda tenda enda, mtoto wa darasa la pili anaweza, na mtunzi mvivu anajaza mikia ya vitenzi tu, tunapendana tunashikana tunafuatana, mpaka msikilizaji anajua mstari unaofuata kabla hujauimba. Kazi iko kwenye mkazo. Kiswahili kinakanyaga silabi ya pili kutoka mwisho, sasa kama biti inakanyaga pengine, neno linapinda. Halafu kwenye noti ndefu ya juu yeye anaweka neno linaloishia a au o ili mwimbaji afungue mdomo, ukimwekea i pale anakamua koo kama jogoo mgonjwa. Nimekaa studio miaka mingi, sijawahi kumsikia prodyuza akieleza vizuri hivyo.

Dogo anafika

Dogo ni wa kijiji kimoja na Fundi, siyo ndugu wa damu lakini mama zao wanaitana dada. Alikuja mjini na begi na sauti. Akafikia kwa Fundi, akalala kwenye godoro nyuma ya vitambaa karibu miezi saba, chakula humohumo. Akimwita "kaka", mwenzake anamwita "mdogo wangu". Hayo majina mawili ndiyo yalikuwa mkataba wao wote.

Wimbo wa kwanza Fundi aliuandika akiwa anashona suti ya harusi ya mteja. Unamhusu mwanamke anayemsubiri dereva wa lori, anahesabu saa mume anazoshuka nazo Kitonga, ule mlima wa kona kali kule Iringa, anajua kila kona kwa kusimuliwa. Maneno yote ya Fundi, melodi ya kiitikio ya Fundi, melodi ya beti walitafuta pamoja usiku. Wakaenda kwa Prodyuza, ambaye studio yake ilikuwa chumba kimoja na magodoro ukutani, na kwa sababu chumba ni kidogo Fundi alisimama ndani kabisa pembeni ya maiki.

Pale kwenye mstari wa Kitonga kulikuwa na neno barabara. Dogo, kwa kufuata biti, akakanyaga silabi ya pili, baRAbara. Wenye Kiswahili mnajua, hiyo siyo njia tena, hiyo ni sawasawa, kama mtu anavyosema "mambo barabara". Mke wa dereva akawa anaimba upuuzi. Fundi akamkatisha, "hapana mdogo wangu, siyo baRAbara, ni baraBAra, anza nyuma kidogo na neno 'ile' ndio ikae." Wakarekodi upya. Prodyuza kwa uvivu wake hakufuta lile jaribio la kwanza. Na hili nalo likumbukeni.

Dogo alimpa Fundi elfu 50 kutoka kwenye hela ya shoo yake ya kwanza. Akasema "kaka, ikikaa sawa tutaangaliana."

Nyimbo nne, makoti matatu

Wimbo ulikaa sawa. Ulianza kupigwa redio za hapa, ukashuka Iringa kwa madereva wenyewe, kisha Dar wakaudaka. Dogo akahamia huko, akapata meneja na lebo. Ndani ya miaka mitatu alirudi kwa Fundi kuchukua nyimbo nyingine. Wa pili ulilipiwa 150,000. Wa tatu Fundi aliandika ubeti wa pili tu maana Dogo alikuja na kiitikio chake na ubeti wa kwanza, akapewa simu iliyotumika. Wa nne maneno yote ni ya Fundi lakini melodi ni ya Dogo, ukalipiwa 200,000. Jumla laki nne taslimu na simu, na kila mara lilelile, tutaangaliana.

Kipindi hichohicho Dogo alishonesha kwa Fundi makoti matatu ya jukwaani, 120,000 kila moja. Jumla laki tatu na sitini. Nilipoanza kuuliza maswali, Fundi alinionyesha malipo ya makoti yote matatu, nusu imetangulizwa, nusu wakati wa kuchukua, kila kitu kwenye daftari na sahihi ya aliyechukua. Nikamuuliza risiti ya wimbo iko wapi, akanicheka, "sasa wimbo unautolea risiti?" Yaani yuleyule mtu, daftari lilelile, ukurasa uleule, koti lina risiti na wimbo hauna.

Namuelewa kwanini. Mdogo wako kalala kwako miezi saba, leo kapata, ukimdai utaonekana uliuza lile godoro. Huku kwetu hiyo aibu ni nzito kuliko njaa.

Siku redio iliposema

Mambo mawili yalitokea ndani ya mwezi mmoja. La kwanza, Dogo alihojiwa akaulizwa wimbo wa dereva aliutungaje, akasema aliuandika peke yake usiku mmoja akiwa anaumwa malaria. Fundi alikuwa anapiga pasi. Vijana wake wawili wakamwangalia, hakuna aliyesema kitu, akaendelea kupiga pasi mpaka akaunguza suruali ya mteja.

La pili, kampuni moja ikachukua kiitikio cha huo wimbo kwenye tangazo. Fundi alilisikia akiwa kwenye bajaji kuelekea Kabwe, sauti yake ya rohoni inauza bidhaa.

Maamuzi, ya maana na ya ovyo

Uamuzi wa kwanza ulikuwa wa ovyo. Usiku uleule wa tangazo alijirekodi video akaweka status WhatsApp, akasema nyimbo zote za Dogo ni zake. Zote. Hata ule wa tatu ambao kaandika ubeti mmoja, na nyingine mbili ambazo hakuzigusa kabisa. Asubuhi video ilikuwa imefika Dar. Meneja wa Dogo hakuhangaika na ule wimbo wa dereva, alichukua hizo mbili akaonyesha walioziandika, akasema mnaona, huyu mzee anatafuta kiki. Kosa moja la hasira likamgeuza mwenye haki akawa tapeli kwa muda wa wiki tatu. Aliifuta lakini ukishatuma umetuma.

Ndipo akaja kwangu. Mkewe alitaka jambo liende kwa wazee wa kijijini, rafiki yake alitaka waende kwenye redio pinzani, na wakili mmoja alitaka laki tano kabla hajafungua faili. Mimi nikasema tusajili kwanza COSOTA, ile ofisi ya hakimiliki, ndipo tuongee, maana bila cheti hatuna haki.

Hapo ndipo nilipokosea na nataka nieleweke. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, namba 7 ya mwaka 1999, haisemi haki inazaliwa na cheti. Kazi inalindwa kuanzia pale ilipotungwa, usajili ni ushahidi mzuri tu wa kusimama nao. Mimi nilikuwa nachanganya kama watu wengi wanavyochanganya, kama vile wimbo ni kiwanja. Tukapoteza wiki kama tisa tunakusanya karatasi za usajili, na nilimkataza kuiandikia kampuni ya tangazo mpaka cheti kitoke. Tangazo likaisha muda wake, hela ikalipwa kwa upande wa Dogo, ikaliwa. Barua moja ya ukurasa mmoja wiki ile ya kwanza ingeweza kuwafanya wasite kulipa. Siwezi kusema ingefanikiwa, ila hatukujaribu na sababu ni mimi.

Tulipofika kwenye usajili tukakuta wimbo wa dereva tayari una taarifa za Dogo kama mtunzi pekee. Fundi alikata tamaa kabisa, akasema basi yameisha. Hayakuwa yameisha, kwa sababu hiyohiyo niliyosema, cheti kinapingwa na ushahidi bora.

Ushahidi tulioupata

Voisi noti alizokuwa anamtumia Dogo zilipotea na simu ya zamani (ndio, aliiuza alipopewa ile ya wimbo wa tatu, msicheke). Mbili zikapatikana kwa mwanakwaya mwenzake ambaye alizitumiwa aone melodi.

Daftari la vipimo ndilo lililobeba mzigo. Ubeti wa kwanza na kiitikio cha wimbo wa dereva viko chini ya vipimo vya bwana harusi, pembeni kuna tarehe ya kuchukua suti, na yule bwana harusi yupo, cheti cha ndoa anacho, picha anazo kavaa suti ileile. Harusi ilikuwa wiki sita kabla Dogo hajaingia studio. Kuna maneno yamekatwa na kuandikwa juu yake, kuna mstari ambao haukutumika, yaani unaona kichwa cha mtu kikifanya kazi. Mtu anayenakili wimbo wa mwenzake hakati maneno akaandika mengine juu yake.

Halafu Prodyuza. Tulimwendea tukitegemea atajificha maana lebo inampa kazi, tena mwanzoni kweli alijificha, simu hapokei. Fundi akamfuata mwenyewe, hakumtaja Dogo, akamuuliza tu "ule wimbo una asilimia ngapi zako?" Jamaa akanyamaza, akasema sina hata moja, nililipwa elfu 80 ya biti. Hapo ndipo alipofungua kompyuta. Faili la siku ile lilikuwepo, na kwenye jaribio la kwanza inasikika sauti ya Fundi waziwazi ikimfundisha Dogo, siyo baRAbara, ni baraBAra, anza nyuma kidogo na neno "ile". Unasikia mpaka Dogo anajibu "sawa kaka."

Niliirudia mara nne. Mtu hafundishwi namna ya kutamka mstari aliouandika mwenyewe.

Sebuleni kwa mzee

Badala ya mahakama tulichagua wazee, na hapa mke wa Fundi ndiye aliyekuwa sahihi toka mwanzo. Ila tuliweka masharti mawili, kila kitakachokubaliwa kiandikwe siku hiyohiyo na Dogo aje na mtu wake anayejua hesabu, ili kesho asiseme alizidiwa na shikamoo.

Tukakaa sebuleni kwa mzee mmoja wa kanisa aliyewabatiza... sorry, aliyesimamia ubatizo wa wote wawili. Ndizi na nyama, chai, dua, habari za mvua, saa nzima hakuna aliyetaja wimbo. Kisha nikaweka simu mezani nikapiga ile sauti. Dogo aliinamisha kichwa. Meneja wake akaanza kusema inategemea muktadha, mzee akamnyooshea kidole tu akakaa kimya.

Hukumu ya kwanza ya mzee ilikuwa, Dogo amnunulie kaka yake ng'ombe wa maziwa, washikane mikono, yaishe. Na Fundi alikuwa anakubali! Nilimuona anavuta pumzi kusema ndiyo. Nikaomba ruhusa, nikasema mzee, sisi tunaomba asilimia, siyo ng'ombe. Akaniuliza swali ambalo mpaka leo nalitumia kufundishia: "Ng'ombe atazaa. Hiyo asilimia yenu itazaa?"

Nikamwambia itazaa maisha yote ya Fundi, na sheria inaongeza miaka 50 baada ya kifo chake. Mzee akacheka, akageuka kwa wengine, "kumbe hiyo siyo ya huyu, ni ya wajukuu. Andikeni."

Tukaandika. Wimbo wa dereva na wa pili: Fundi 50, Dogo 30, Prodyuza 20 ya utunzi. Wa nne: Fundi 40. Wa tatu Fundi aliuachia wote, na akakiri kwa mdomo wake kwamba video ya status ilisema uongo kuhusu zile mbili. Fidia ya nyuma 1,200,000 kwa awamu tatu. Jina lake liwekwe kwenye maelezo ya YouTube na taarifa za COSOTA zirekebishwe kwa maombi ya pamoja. Hela ya tangazo hatukupata hata mia.

Matokeo

Awamu mbili zililipwa kwa wakati, ya tatu ilichelewa miezi minne. Jina liliwekwa. Mgao wa kwanza uliomfikia Fundi baada ya marekebisho ulikuwa elfu 38 na chenji, akanunua nyuzi na bia moja.

Upande mwingine, kwa kama miezi minane hakuna mwimbaji aliyekanyaga kwenye fremu yake kutafuta maneno. Neno lilishatembea, yule anashitaki. Kipindi hicho aliishi kwa sare za shule tu.

Uchambuzi: kilichofanya kazi

Kilichomwokoa hakikuwa mkakati, ilikuwa ni bahati ya tabia. Fundi hakuandika kwenye daftari la vipimo ili apate ushahidi, aliandika humo kwa sababu ni mvivu wa kunyanyuka. Lakini matokeo yake maneno yake yalikaa katikati ya tarehe, wateja na hela, vitu ambavyo mtu mwingine anaweza kuvithibitisha. Mtunzi anayeandika kwenye noti za simu halafu anafuta akishamaliza ana wimbo tu, hana historia ya wimbo. Tunza rasimu, hasa zile chafu, zilizokatwa.

Kuuachia wimbo wa tatu ndiko kulikofungua mlango. Mpaka dakika ile Dogo alikuwa anajitetea dhidi ya mtu aliyedai kila kitu. Fundi aliposema huu ni wako, ubeti mmoja nimekusamehe, na kwa zile nyingine mbili nilidanganya, sebule nzima ilibadilika sura. Meneja akabaki hana silaha maana silaha yake yote ilikuwa ile video.

Na ule mseto wa wazee na karatasi. Kuna wasomi wanadharau kikao cha sebuleni, kuna wazee wanadharau karatasi. Wazee peke yao wangetupa ng'ombe. Karatasi peke yake ingetufikisha mahakamani na watu ambao mama zao wanaitana dada, na laki tano ya wakili hatukuwa nayo.

Uchambuzi: kilichofeli

Watu wengi wakisikia kisa hiki wanasema Fundi alidhulumiwa kwa kulipwa kidogo. Sikubaliani. Elfu 50 kwa wimbo wa kijana asiyejulikana, ambaye unamlisha wewe, ilikuwa hela ya haki kabisa siku ile. Shida ni kwamba hakuna aliyejua ile elfu 50 imenunua nini. Fundi alidhani ni asante. Dogo, na nimeongea naye, alidhani kweli kabisa kwamba ameununua, kama vile ukinunua koti fundi haji kudai sehemu ya shoo. Hakuwa mwizi kichwani mwake. Sheria iko upande wa Fundi hapo, kuhamisha haki za kiuchumi za kazi kunataka maandishi yenye sahihi, kwa hiyo bila karatasi Dogo hakununua utunzi hata angelipa milioni. Na haki ya kutajwa kama mtunzi ni kitu kingine tena, ile hela haiigusi. Lakini wawili hao hakuna aliyejua, na "tutaangaliana" ni neno linalomruhusu kila mmoja aende nyumbani na maana yake.

Pili, hawakutofautisha wimbo na rekodi. Maneno na melodi ni mali moja, ile sauti iliyorekodiwa ni mali nyingine na inaangukia kwenye hakishiriki, yaani haki za waimbaji na wanaorekodi. Hela ya wimbo ukisikilizwa kwenye mitandao, sehemu kubwa inaenda kwa aliyepandisha rekodi, yaani akaunti ya lebo. Sehemu ya mtunzi inapita njia yake na inamfuata aliyeandikishwa kama mtunzi. Kama hujaandikishwa haikusubiri mlangoni. Fundi miaka yote alikuwa anaangalia namba za watazamaji YouTube anazidisha kichwani, anajiona tajiri aliyeibiwa. Hata angekuwa na asilimia zake toka siku ya kwanza, zile namba zisingemjengea nyumba. Hela ya kueleweka ilikuwa kwenye tangazo, kwa sababu pale mtu analazimika kuomba ruhusa na ruhusa ina bei. Ndiyo maana naumia na zile wiki tisa zangu kuliko kitu kingine chochote humu.

Tatu ni ile status. Nimeshasema, ila naongeza kwamba vijana wananiuliza kama kupiga kelele mtandaoni kunasaidia. Kunasaidia ukiwa na sentensi moja ya kweli na kielelezo kimoja. Fundi alikuwa na daftari ndani ya mita mbili wakati anarekodi ile video na hakulionyesha.

Na kuna kitu sijakimaliza kichwani. Je, angedai mapema, pale kwenye wimbo wa pili? Kihesabu ndiyo, wakati huo Dogo ndiyo kwanza anapanda, wangegawana kirahisi. Lakini nimekaa na Fundi vya kutosha kujua kwamba asingeweza. Alihitaji kwanza aumizwe ndio apate ruhusa ya kudai. Sijui unamfundishaje mtu hilo kwenye semina.

Alipo sasa

Ameanza tena kuandikia watu, taratibu. Juzi alikuja binti mmoja kutoka Mafinga, anasalimia "kamwene" kwa sauti ambayo tayari ni wimbo, anataka maneno na anataka gauni la kurekodia video. Fundi akamfungulia ukurasa mmoja. Juu vipimo, katikati beti mbili, chini mistari minne kwa mkono wake: maneno ya nani, melodi ya nani, nusu kwa nusu ya utunzi, elfu 70 ni posho ya kuandika na siyo bei ya wimbo, tangazo lolote tuulizane wote. Binti akasoma, akauliza nusu si nyingi, wakabishana pale kama wanapatana bei ya kitenge, wakaishia 60 kwa 40, akasaini, akapiga picha ukurasa kwa simu yake.

Dogo bado wanasalimiana sikukuu. Mgao uliopita ulichelewa, Fundi akamtumia meseji, zikatokea tiki mbili za bluu, siku tatu baadaye hela ikaingia bila neno. Wimbo mpya hajaja kuchukua. Na koti la shoo yake ya mwaka huu kashonesha Dar, Fundi kaliona kwenye picha, akaikuza kwa vidole akaangalia bega, akasema limevuta upande wa kushoto.